Ndiyo Iliyokuwa Hapana

Alikuwa amechoka kuulizwa, "Sasa wewe ni daktari wa nini hasa?" Akijibu kwamba ni mhandisi wa ubongo, watu hutikisa kichwa kwa heshima kisha wanaanza kuzungumzia mvua. Mama yake, aliyeishi naye, ndiye aliyewarahisishia majirani. "Mwanangu ni fundi wa redio," aliwaambia. "Ila redio zake ziko ndani ya vichwa vya watu."

Kazini walimwita Mama Mawimbi, kwa sababu kutwa alikuwa akitazama mawimbi ya ubongo yakitambaa kwenye kioo cha kompyuta. Hakuanzia huko. Kwa miaka kumi na moja alikuwa fundi wa mashine za hospitali, mtu wa bisibisi na fyuzi. Siku moja alikuwa amepiga magoti nyuma ya kitanda, anatengeneza pampu, akasikia wauguzi wawili wakimjadili mgonjwa aliyelala palepale, mwanamke aliyepigwa na kiharusi asiweze kujongeza hata kidole. Walimsema kama mtu anavyolisema kabati. "Huyu hata hasikii," alisema mmoja. Mama Mawimbi akainua kichwa, akaona chozi linateremka kwenye shavu la yule mgonjwa. Huenda lilikuwa jicho tu limekauka. Mpaka leo hajui. Ila mwaka uliofuata alirudi darasani, ana miaka thelathini na minne, anakaa benchi moja na wanafunzi waliomwita shangazi.

Miaka ikapita, akapata shahada zake na chumba cha maabara chenye dirisha moja. Kazi yake ikawa kutengeneza kofia. Kwa ndani kofia hiyo ilikuwa na visahani vidogo vya chuma vinavyogusa ngozi ya kichwa na kusikiliza umeme mdogo wa ubongo. Mgonjwa aliambiwa afikirie kukunja mkono wa kulia akitaka kusema ndiyo, na mkono wa kushoto akitaka kusema hapana. Mikono yenyewe haikuhitaji kusogea. Kompyuta ilisoma lile wazo, na kisanduku kilichowekwa mezani kikalitamka kwa sauti.

Mgonjwa aliyempenda kuliko wote alikuwa Kinyozi.

Kinyozi alikuwa mwanamume ambaye mdomo wake ulifanya kazi kuliko mkasi wake. Watu walikuja dukani kwake hata nywele zikiwa hazijaota, ili wasikie mzaha. Ukimwuliza umri wake, anakwambia atazaliwa mwezi ujao. Kisha asubuhi moja akaanguka katikati ya sentensi, na sentensi ile hakuimaliza. Kwa miaka sita alilala chumba cha mbele cha nyumba yake, macho wazi, lakini hata macho hayo hayakumtii. Mkewe ndiye aliyemlisha kwa mpira, aliyemgeuza, aliyemnyoa kichwa kila Jumatatu ili visahani vya kofia vikae sawasawa.

Miezi mitano walimzoeza kwa taa mbili, nyekundu na ya buluu. Wazo la kulia liwashe nyekundu, la kushoto liwashe buluu. Mwishoni hakukosea hata mara moja. Siku waliyokubaliana kwamba sasa yuko tayari kwa maswali ya kweli, waya mkuu wa kofia ukakatika. Na Mama Mawimbi alikuwa na safari: alialikwa kwenye mkutano mkubwa wa wataalamu, akaongezewa na ziara ya maabara mbili. Jumla wiki tatu.

"Nenda tu, bosi," alisema fundi wake wa nyaya, mtu mzima mwenye mvi, mkono wake mtulivu kuliko wa daktari wa upasuaji. "Waya nitaufunga mwenyewe. Kazi haitalala."

Akaenda. Siku ya pili akapiga simu.

"Anajibu?" aliuliza.

"Anajibu, tena haraka," fundi alisema. "Ila mzee huyu ni mtani, bosi! Nimemwuliza kama yeye ni kinyozi, akasema hapana. Nikamwuliza kama yeye ni mwanamke, akasema ndiyo. Mkewe amecheka mpaka akakaa chini. Anasema huyo ndiye mume wake hasa, amerudi."

Mama Mawimbi naye alicheka. Alicheka kwa furaha iliyompanda mpaka machoni. Alipopanda jukwaani siku tatu baadaye akakisimulia kisa hicho: mtu amenyamaza miaka sita, na neno la kwanza analopewa analifanyia mzaha. Ukumbi mzima ulicheka. Wengine walisimama wakapiga makofi.

Aliporudi, hata sanduku la safari hakulifungua. Alikwenda maabara, akajimiminia chai, akachukua daftari la siku kumi na tano za Kinyozi alisome kwa raha.

Kila ukurasa ulianza na maswali matano ya kupima, yale ambayo majibu yake yanajulikana: jina lako ni hili, wewe ni kinyozi, wewe ni mwanamke, una mke, nyumba hii ni yako. Fundi alikuwa ameweka alama ya mkasi, ile X ya walimu, kwa kila jibu lisilo sahihi, kwa mwandiko wake mzuri usiopinda. Siku ya kwanza, mikasi mitano. Siku ya pili, mitano. Ya tatu, mitano. Akafunua, akafunua. Kikombe kikabaki hewani.

Mtu asiyejua kitu hupatia nusu. Rusha sarafu, utapatia nusu. Aliyechanganyikiwa hupatia nusu. Mtu wa kukosa maswali sabini na matano, yote, bila kupatia hata moja kwa bahati mbaya, huyo anayajua yote.

Akakiweka kikombe chini. Akainuka, akaichukua kofia kwenye ndoana yake, akageuza kile kiungio cha waya mpya, akaufuata uzi mmoja mmoja kwa ncha ya kalamu. Nyuzi za upande wa kulia zilikuwa zimeungwa mahali pa kushoto, na za kushoto mahali pa kulia.

Fundi aliingia akiwa na mkate mkononi. Alimtazama bosi wake, akautazama waya, na hakuhitaji kuambiwa. Akaufinya mkate mpaka makombo yakaanguka sakafuni.

"Ni mkono wangu huu," alisema kwa sauti ya chini. "Bosi, ni mkono wangu huu huu."

"Na ni kinywa changu kilichocheka," alisema Mama Mawimbi. "Kaa. Tusome tena."

Walisoma upya, kila ndiyo wakiigeuza hapana, na kila hapana ndiyo. Siku ya kwanza mke wa Kinyozi alikuwa ameruhusiwa kuuliza maswali yake mwenyewe, aliyoyatunza miaka sita. Yalikuwa matatu. Kuna mahali panakuuma? Kisanduku kilijibu hapana. Unataka redio iwe inawashwa kutwa? Ndiyo. Mdogo wako anaomba kuja kukuona, aje? Hapana. Mama wa watu aliridhika, hakuyauliza tena. Jibu keshalipata.

Kwa hiyo alikuwa anaumwa. Kwa hiyo redio ilikuwa inampigia kelele sikioni kwa wiki tatu. Na mdogo wake, yule waliyekosana naye miaka tisa kwa sababu alifungua duka lake la kunyoa upande wa pili wa barabara, alirudishwa mlangoni.

Kisha wakafika kwenye swali la mwisho la kila siku, lile ambalo sheria ya kazi yao inalazimisha: Tuendelee na zoezi? Siku mbili za kwanza kisanduku kilisema hapana, nao wakafungasha vyombo wakaondoka. Kuanzia siku ya tatu kikasema ndiyo, kila siku, mara kumi na tatu.

"Maana yake alikuwa anatukataa," fundi alisema. "Mara kumi na tatu mzee anasema hapana, na mimi simvui kofia."

 Miaka yote Mama Mawimbi alikuwa amejiona tofauti na wale wauguzi wa kando ya kitanda. Akachukua bisibisi, akaanza kuufungua ule waya.

Siku hiyo hiyo walikwenda kwa Kinyozi, waya ukiwa umefungwa upya na kukaguliwa mara nne. Redio ilikuwa inapiga kelele za mpira. Mama Mawimbi aliizima kabla hata ya kusalimia. Mke wa Kinyozi akashangaa.

"Daktari, hiyo aliitaka mwenyewe."

"Dada, naomba ukae. Kuna jambo nitakuonyesha, na baada ya hapo una haki ya kunifukuza."

Akamvisha mzee kofia. 

"Mzee wangu, wewe ni kinyozi?"

"Ndiyo," kisanduku kikasema.

"Wewe ni mwanamke?"

"Hapana."

Mke alianza kutabasamu, kisha tabasamu likasimama njiani. "Leo hatanii?" aliuliza.

"Hakuwa anatania, dada. Mashine yetu ilikuwa inamgeuza maneno. Kila alichosema, ninyi mmesikia kinyume chake."

Yule mama alisimama. Aliutazama uso wa mumewe, ule uso usiosogea, kama mtu anayeona mtu kwenye dirisha la nyumba aliyoijua kuwa tupu. Akapiga magoti mwenyewe, hakungoja ruhusa.

"Baba watoto, unaumwa?"

"Ndiyo."

"Kichwa?"

"Hapana."

"Mgongo? Tumbo?"

"Hapana." "Hapana."

"Jino?"

"Ndiyo."

Akaweka kiganja mdomoni. "Nilimwuliza," alisema bila kumtazama mtu yeyote. "Nilimwuliza, akaniambia, na mimi nikamwongezea redio. Nilimcheka, Mungu wangu. Nilikaa chini pale nikamcheka."

Fundi aligeukia ukutani. Mama Mawimbi alijua kwamba limebaki swali moja, na kwamba akiondoka bila kuliuliza hatalala tena maishani.

"Mzee, zile siku kumi na tatu, ulikuwa unatukataza tusiendelee?"

 Mawimbi yalipanda na kushuka kwenye kioo.

"Hapana."

Hakuelewa. Alimtazama fundi, fundi akautazama waya. Kisha, polepole, wazo likamjia, akaliuliza.

"Uligundua kwamba mashine inageuza?"

"Ndiyo."

"Tulipoondoka zile siku mbili?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo swali la kuendelea ukalijibu kinyume, makusudi, ili tusiondoke. Na yale ya kupima ukayaacha yalivyo, ili siku moja tushtuke?"

"Ndiyo," kisanduku kikasema, kwa sauti ile ile kavu. Kama mgonjwa mwenyewe angekuwa na sauti yake, pengine angekuwa amewatukana.

 Karibu wiki tatu mtu alikuwa amelala na jino bovu, akiwapungia bendera wataalamu wenye shahada, nao wakaipigia makofi. Wala hakuwa na njia ya kusema "mmekosea nyaya." Mtu wa ndiyo na hapana hujibu alichoulizwa tu.

Daktari wa meno alikuja kesho yake akang'oa gego lililooza mpaka kwenye mzizi. Mke wa Kinyozi hakumfukuza Mama Mawimbi, lakini kwa wiki mbili alimsalimia kwa nusu mdomo, na hilo lilikuwa haki yake. Mama Mawimbi aliwaandikia barua wote waliokuwa ukumbini, akaeleza kosa lote, akalitaja kuwa lake. Fundi alileta barua ya kuacha kazi. Mama Mawimbi aliichana mbele yake. "Uliandika ulichosikia," alimwambia. "Daftari lako ndilo lililomwokoa. Mwongo angeweka tiki."

Jumamosi mdogo mtu akaja. Alisimama mlangoni na mfuko wa vifaa vyake, mwanamume mnene mwenye haya.

"Kaka," alisema, "mimi nimekuja. Bado unasema nanyoa vibaya?"

"Ndiyo," kikajibu kisanduku.

Mke akaangua kicheko, na mdogo mtu akacheka huku analia, akafungua mfuko akatoa mkasi. Mama Mawimbi hakucheka. Jicho lake lilikuwa limekimbilia kwenye waya kwanza, kuhakikisha. Ulikuwa sawa. Ndipo akakaa chini.

Jioni alimweleza mama yake kisa kizima. Mama aliweka chini sahani aliyokuwa akiifuta.

"Na wale wa kabla yake?" aliuliza.

"Wale wa nani, mama?"

"Wagonjwa wako wa mwanzo. Waliosemekana hawajui kitu."

Hilo hakuwa amelifikiria. Alfajiri alikuwa maabara, kabati liko wazi, madaftari ya watu tisa yametandazwa sakafuni. Kazi hiyo ilimchukua mwezi mzima. Wanane walikuwa wamepatia nusu, au karibu na nusu. Wa tisa alikuwa bibi mmoja, mwalimu mstaafu, aliyepimwa kwa siku nne tu kisha wakaandika kwamba hakuna kitu, wakahamia kwa mgonjwa mwingine. Siku nne, maswali ishirini. Alikuwa amekosa kumi na tisa.

Bibi huyo alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita. Mama Mawimbi alikwenda nyumbani kwa binti wa marehemu, daftari likiwa kwenye bahasha. Alikaa kwenye kiti alichopewa, akalitoa daftari, akaanza: "Mama yako alikuwa anatujibu, sisi ndio tuliosikia kinyume."