Gari la Plastiki Kwenye Kabati Langu

Tulipohamia mji mdogo wa Salama, mume wangu alikuwa fundi wa malori kando ya barabara ya Mombasa, nami nilikuwa nafundisha shule ya msingi. Tulipanga vyumba viwili nyuma ya duka la mbao. Nasema viwili ili ujue kwamba harufu ya kitu kilichofanyika katika kimoja ililala nasi katika kile kingine.

Familia moja ya wamishenari ambayo mume wangu alikuwa akiitengenezea gari ilifungasha kurudi kwao, ikamwachia katoni ya vitu ambavyo watoto wao walikuwa wamevichoka. Ndani mlikuwa na maboksi matatu ya magari madogo ya plastiki, yale ya kuunganisha mwenyewe. Hakuna boksi lililokuwa kamili. Moja lilikuwa na bodi ya gari la kizamani bila magurudumu. La pili lilikuwa lori lisilo na kichwa. La tatu sijui lilikuwa gari gani, kwa sababu kulibaki injini tu, inang'aa kama kijiko kipya, na viti viwili. Mtu mwingine angewapa watoto wa jirani. Yeye aliyamwaga yote kwenye meza ya chakula, akayatazama mpaka muthokoi wetu wa mahindi na maharagwe ukapoa.

"Hii injini naitoa nje, ionekane," akasema. "Boneti natupa. Madigadi natupa. Huku nyuma naweka matairi ya lori."

"Ndiyo iende wapi?"

"Haiendi mahali, mwalimu. Ni ya kuangalia."

Mwanaume mwenye ndevu! Nilinyanyua sahani yangu nikaenda kula jikoni.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kutoka sokoni nikamkuta ametia kisu changu cha jikoni kwenye makaa, anakata paa la gari ili alishushe, likae kama kofia iliyovutwa hadi machoni. Plastiki ilikuwa inachuruzika na kutoa moshi mweusi. Kisu kile nilikisugua kwa mchanga na majivu, lakini kabichi yetu ilinuka tairi lililoungua kwa siku nyingi. Kisha zikaja eksozi, yaani mabomba ya moshi. Alikuwa akishika vijiti vya plastiki juu ya mshumaa hadi vilainike, halafu anavivuta taratibu viwe vyembamba, anavipinda. Kipande kimoja kiliangukia kwenye uji. Nilikigundua kwa ulimi.

Lakini la mswaki ndilo lililonimaliza. Asubuhi moja, nikijiandaa kwenda shule, nilitia mswaki mdomoni nikaonja petroli, sabuni ya kufulia na grisi. Alikuwa ameutumia kusafishia magurudumu.

"Nilifikiri ni wangu," akasema.

"Na huo wako unasugua meno ya nani?"

Nilisukutua mpaka mtungi ukaisha. Siku nzima nilifundisha nikimeza mate machungu, na kila mtoto aliyekuja kusahihishiwa hesabu nilimwona kama ananuka petroli.

Siku nyingine nilimuuliza, kwa hasira, anapata nini kwenye gari hilo. Alikuwa anapuliza rangi nyekundu ya gareji kwa bomba la dawa ya mbu, pua imekuwa nyekundu pia.

"Magari ya watu nayarudisha vile yalikuwa," akasema. "Hili hakuna mtu anaweza kuniambia lilikuwa vipi."

Nikafungua dirisha.

Lilipokwisha alilipanga kwenye kabati la vioo, akasogeza vikombe vyangu vya harusi nyuma. Tumbo la gari lilikaribia kugusa ubao, injini iko uchi, matairi ya nyuma mapana kuliko ya mbele mara mbili. Nililiangalia vile mtu anavyoangalia mgeni aliyelala nyumbani bila kualikwa.

Kisha ushirika wa kanisa ukafanyika kwetu. Mzee wa kanisa, mtu mwenye boma kule milimani Kilungu, aliliona kabla hata hajaketi.

"Fundi, wewe bado unacheza?" akacheka, watu wote wakisikia. "Mngekuwa na mtoto, ningeelewa."

Tulikuwa na miaka kadhaa kwenye ndoa bila mtoto, na kila mtu pale alijua. Mzee akaomba, akala mandazi, na alipokuwa anaondoka akafungua kabati langu kwa mkono wake mwenyewe.

"Hili nitaenda nalo. Litapendeza juu ya redio."

Mume wangu aliangalia chini. "Sawa, mzee."

Wiki kadhaa baadaye akina mama tulipanda Kilungu kusaidia kupika, maana binti ya mzee alikuwa anachumbiwa. Nilipitia nyuma ya nyumba kutafuta kuni nikamkuta mzee kwenye kiti chake, peke yake, anavuta ugoro, yeye aliyetuhubiria kila mwezi juu ya tumbaku. Gari lilikuwa miguuni pake. Paa lilikuwa limevunjwa, na pale viti vilipokuwa pamejaa mate ya kahawia na makamasi, na nzi wanatembea juu ya injini.

"Aiya! Mzee, hili si gari letu?"

Akafuta pua kwa kidole, akakipangusia kwenye tairi. "Ni plastiki tu, mwalimu."

Nililibeba kwa jani la mgomba, nikishikilia pumzi. Kuni sikupeleka.

Nyumbani nilimwambia mume wangu kila kitu. Nilitaka apige meza. Nilitaka, kwa mara moja, apande mlima ule amwambie yule mzee anachostahili kuambiwa. Yeye alichota petroli kwenye kopo, akalitumbukiza gari, akangoja, akaligeuza.

"Bodi imeharibika," akasema. "Injini iko sawa. Naweza kuitumia kwa lingine."

"Na mzee?"

"Kitu ukishampa mtu ni chake."

Usiku ule nilimgeuzia mgongo. Upole wake ulinichefua kuliko ugoro.

Jumapili, baada ya ibada, mzee alisimama mlangoni akisalimia waumini, Biblia kwapani. Mume wangu alimshika mkono kwa mikono miwili, kwa heshima. Zamu yangu ilipofika mzee akasema, "Bwana asifiwe, mwalimu," akanyoosha kiganja. Nilikipokea. Kisha nikaufuta mkono wangu kwenye sketi, polepole, yeye akitazama, na nikamkazia macho hadi yeye ndiye aliyeangalia pembeni.