Mafua Yaliyofuata Rejista

Wakuu wa daftari hili, salaam kwenu nyote.

Kwa mgeni wa klabu yetu ya walimu: daftari hukaa hapa mezani, mmoja anaandika kisa, wengine wanamjibu chini. Wengi humu mnaandika mliyosimuliwa. Hiki changu nilikuwepo, na aliyeumbuka ni mie mwenyewe, kwa hiyo sina faida ya kuongeza chumvi.

Mnakumbuka yale mafua makali yalipoingia kupitia bandarini. Haukupita muda, Temeke nzima inakohoa.

Sekondari yetu ikatafuta walimu wa kujitolea kuwafundisha vijana kujikinga. Tukajitokeza wawili. Mie, niliyekuwa nimerudi juzi tu kutoka chuo kikuu Kampala, bado niko kwenye majaribio ya kazi. Na Mwalimu Athumani, mwenyeji wa Mtoni, amefundisha miaka mingi.

Yeye alitaka tukae na vijana tuzungumze nao. Nikamuuliza ushahidi uko wapi kwamba mazungumzo yanazuia mafua. (Mnanijua. Mie hata jogoo akiwika natazama saa.)

Nikaleta mpango wa kisayansi.

Kila asubuhi darasa la mtihani lisimame mstari mmoja, kwa kufuata rejista. Nikifika kwako, unanyoosha leso ya kukoholea. Naitazama, nainamisha kichwa, natia vema, nahamia kwa mwenzako. Huna leso, rudi kwenu.

Siku ya kwanza nikarudisha karibu darasa zima. Siku ya pili kila mkono una leso. Nyeupe, imepigwa pasi!

"Umeona, mwalimu?" nikamwambia Mwalimu Athumani.

"Nimeona, Bwana Kampala. Ila hawa watoto nawajua kwao. Jana hawana leso, leo wote wametoka harusini?"

"Shikamoo yako ipo palepale, mwalimu, lakini huo ni wivu."

Nikamwandikia hedimasta ripoti: darasa zima lina leso, bila kukosa hata mmoja.

Halafu Hamisi akaanguka na homa. Akafuata Idi. Akafuata Jumanne. Akafuata Kasimu.

Alhamisi hedimasta, Mwingereza mpenda karatasi, akatuita. Ripoti yangu iko mbele yake.

"Shule imetimiza wajibu," akasema. "Ripoti hii inathibitisha. Basi ugonjwa unatoka majumbani. Wagonjwa watatu ni wa Mtoni. Kuanzia Jumatatu vijana wa Mtoni wabaki kwao mpaka mtihani upite."

Vijana sita, wakuu. Bila mtihani hakuna cheti, na bila cheti hakuna ukarani wala ualimu. Miaka yote ile ya kusoma ingekwenda na maji.

Tulipotoka nje Mwalimu Athumani akaniambia neno moja tu: "Wamehukumiwa kwa ushahidi wako."

Nikaenda kukaa na rejista. Kasimu anatoka Tabata, kwa hiyo hoja ya Mtoni ilikuwa na tundu. Lakini nikaona jambo jingine. Waliokuwa wakisimama kabla ya Hamisi wote wazima. Walioanguka wote wako baada yake, tena kwa mpangilio.

"Mwalimu," nikauliza, "mafua yanajua alfabeti?"

"Yamefundishwa. Mtafute mwalimu wao."

Ijumaa sikuanza na Abdallah, wa kwanza. Nilianzia mwisho, kwa Zuberi.

"Leso."

Zuberi akatazama kule mbele kwa Abdallah kama mtu aliyeachwa na treni.

Mikono ikaanza kupapasa migongoni. Leso ikaja mbio kutoka kwa Abdallah bila kituo hata kimoja, ikawaponyoka, ikaanguka chini mbele yangu.

Leso moja, darasa zima! Nikiinama kutia vema, inapita nyuma ya migongo kwenda kwa anayefuata. Ilikuwa ya Abdallah. Mama yake aliifua na kuipiga pasi kila jioni, kwa hiyo asubuhi ilianza safari ikiwa safi. Ikifika kwa Hamisi, anapengea.

"Nani kawafundisha upuuzi huu?"

"Mwalimu," Zuberi akajibu kwa adabu zote, "wewe ulitaka kuona leso. Hukuuliza ya nani."

Mwalimu Athumani akageukia ukuta. Mabega yakawa yanamtikisika.

Nilisimama nje ya mlango wa hedimasta nikitafuta sababu ya kunyamaza. Msomi hakosi sababu. Nilipata nne, zote nzuri. Kisha nikaingia nikamwambia kwamba wa Mtoni hawana kosa, mafua yamesambazwa na ukaguzi wangu.

Aliwaka. Lakini vijana sita walifanya mtihani, Hamisi akiwa amekalishwa peke yake dirishani. Mie nikaongezewa miezi sita ya majaribio. Kwenye faili langu kumeandikwa: "Ana akili, hahakikishi."

Mwalimu Athumani naye akakaa na vijana, akazungumza. Akauliza bila ukali nani hana leso. Mikono ikanyanyuka yote, kasoro wa Abdallah. Akawatuma kwa mama zao wakakatiwe kanga kuukuu. Mstari ukawa wa rangi zote, wengine wanapenga kamasi kwenye nusu ya methali.

Nilichojifunza: nilimshuku kila mtu, nikasahau kuishuku furaha yangu.

Haya, kalamu iko mezani. Nichekeni mtosheke, ila mwenye kisa cha kuzidiwa akili na wanafunzi asijifanye hana.