Kidole Gumba cha Apolonija

Tarehe 1 Mei 2004, siku ya Jumamosi, Lithuania iliingia katika Umoja wa Ulaya pamoja na nchi nyingine tisa. Siku hiyohiyo, kwa mujibu wa masimulizi aliyoyatoa mwenyewe mbele ya kinasa sauti miaka kumi na miwili baadaye, Apolonija Bubnienė alisimama katika soko la magari yaliyotumika, huku kwetu Suvalkija, kusini-magharibi mwa nchi, ambako watu husemwa kuwa wabahili, akiwa na doa jeusi kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia, akashindwa kulisema neno moja lililotakiwa.

Kazi yake ilikuwa kurudisha weusi. Magari yaliyoletwa kwa matrela kutoka Ubelgiji na Uholanzi yalifika na bampa na kingo za plastiki zilizopauka kama majivu, na mnunuzi hukadiria umri wa gari kwa jicho kabla hajafungua boneti. Apolonija aliosha plastiki kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, akaikausha, kisha akapitisha juu yake kifaa cha kupuliza hewa ya moto, kile ambacho wapaka rangi hubandulia rangi kuukuu. Joto huyavuta juu mafuta yaliyomo ndani ya plastiki yenyewe, na weusi hurudi papo hapo, ukiufuata mkono. Ukikawia, plastiki inayeyuka. Ukiharakisha, inabaki na mabaka. Mwisho alipaka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, kwa soksi za marehemu mumewe. Plastiki huvumilia kazi hiyo mara mbili, labda tatu, alisema. Baada ya hapo haina tena cha kutoa.

Alianza akiwa na miaka arobaini na sita, kiwanda cha biskuti alichokitumikia miaka kumi na tisa kilipofungwa. Jambo moja aligundua bila kufundishwa na mtu. Bampa iliyobadilishwa baada ya ajali hupokea joto tofauti na plastiki iliyo jirani yake, kwa kuwa hazikupigwa na jua moja. Kwa hiyo, kabla ya fundi yeyote, Apolonija alijua gari lipi liligongwa, na upande gani. Wauzaji walijua kwamba anajua. Wao kwa wao walikuwa na ishara: aliyetaka kumwonya mwenzake bila kusikika alipitisha kidole gumba kwenye plastiki, akamwonyesha weusi wake. Maana yake, achana nalo. Mbele ya mteja, aliyelisafisha gari alinyamaza. Aliyefungua mdomo hakupewa gari jingine na mtu yeyote.

Alhamisi ya tarehe 29 Aprili, mfanyabiashara Vygantas Stelmokas alimletea gari la kijani, akamwita kwa jina lake la kifupi.

“Bi Polė, huyu nataka Jumamosi atoke kama bwana harusi.”

Kingo za mbele ziliitikia mara moja. Za nyuma alizirudia mara tatu, na hata hivyo zikatoka za kahawia, kama gamba la mkate wa shayiri nyeusi. Mpaka kati ya rangi hizo mbili ulipita baina ya milango ya mbele na ya nyuma, kulia na kushoto, kana kwamba umepigwa rula.

“Vygantas, hebu njoo. Hili gari limekulia nyumba mbili.”

“Nyumba mbili wapi? Gari ni hilo moja.”

“Mbele kijana, nyuma mzee. Nani kaunga nusu mbili za magari mawili?”

“Nimelinunua hivyohivyo. Siku hizi umekuwa fundi wa kuchomelea?”

“Nina macho.”

“Basi yatumie kulinganisha rangi, mama. Tena usinibanie mafuta. Nyie Wasuvalki mnayahesabu matone.”

“Wewe mwenyewe kwani umezaliwa Paris?”

Vygantas alicheka, akaondoka. Apolonija alipunguza moto mbele, akaongeza mafuta nyuma, tabaka nne. Ilipofika jioni gari lilikuwa moja. “Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile,” anasema katika rekodi.

Jumamosi soko lilipambwa bendera. Alipofika kuchukua ndoo zake, alimkuta Ieva amesimama kando ya gari la kijani. Ieva alikuwa binti yake wa ubatizo, mwenye miaka ishirini na minne, muuguzi wa vijijini aliyetaka gari la kuwafikia wagonjwa mashambani. Apolonija ndiye aliyempakata kanisani siku alipobatizwa. Vygantas alikuwa amekwisha kumfungulia mlango.

“Mama Polė! Afadhali umekuja. Niambie ukweli, wewe si unayajua haya madude?”

“Muulize, muulize,” alisema Vygantas. “Kalishika lote kwa mikono yake.”

“Eti, mama?”

“Plastiki yake,” alisema Apolonija, “plastiki yake nimeifanya mimi.”

“Ndiyo maana inang'aa hivi!”

Hapo Apolonija alikibandika kidole gumba kwenye ukingo wa mlango wa nyuma, akakikandamiza, akakipitisha mpaka mwisho. Mafuta yalikuwa hayajakauka. Alikiinua kidole kikiwa cheusi, akakishikilia mbele ya uso wa Ieva. Vygantas aliacha kutabasamu.

Ieva alitoa leso. Aliushika mkono wa mama yake wa ubatizo, akakifuta kidole taratibu, mpaka kwenye ukucha, jinsi anavyofutwa mtoto.

“Hata sikukuu unajichafua, mama. Kesho nitakupitia, twende nalo kanisani.”

Alimpitia. Alimpitia kila Jumapili, miezi tisa, na kila Jumapili Apolonija alikaa kiti cha mbele bila kusema kitu. Maelezo yake hayajitetei. Mwezi wa kwanza aliogopa kukosa kazi. Kisha akaogopa swali ambalo lingefuata: kwa nini hukusema tangu siku ile? Kila wiki swali hilo liliongezeka uzito.

Ijumaa ya tarehe 11 Februari 2005, kwenye barabara ya Kalvarija, gari liliteleza kwenye barafu likagonga mti ubavuni. Bodi iliachana nyuma ya viti vya mbele, kwenye mpaka uleule wa rangi mbili. Ieva alifia palepale. Karatasi ya ajali, ambayo familia yake imeihifadhi, inataja barafu na mwendo. Haitaji mshono wowote wa chuma.

Apolonija hakugusa plastiki tena. Alisafisha ngazi za majengo hadi alipostaafu. Kila tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu, aliwasha mshumaa kaburini pamoja na Ona, mama mzazi wa Ieva, na kila mwaka Ona alimuuliza jambo lilelile.

“Polė, dada yangu, wewe uliliona lile gari. Lilikuwa na kasoro?”

“Kwa nje lilikuwa zuri, Ona.”

Alikubali kurekodiwa kwa sharti kwamba kanda isisikilizwe Ona akiwa hai. Ona alifariki mwaka 2018, na Apolonija mwaka uliofuata.

Aliyeliunga gari lile hajajulikana. Vygantas alihamia ng'ambo, na barua mbili alizoandikiwa hazikujibiwa. Baba yake Ieva aliwahi kuuza magari katika soko lilelile, na utotoni Ieva alishinda huko naye. Kama aliijua maana ya kidole cheusi pale alipotoa leso, au hakuijua, haijulikani.