Maji Safi ya Mama Sabuni

Usafi wa Mama Sabuni ulipita kipimo, nawaambia. Alikuwa fundi cherehani, na mteja akileta gauni la kupunguzwa, sharti liwe limefuliwa. La sivyo anarudi nalo kwao. Maji ya kunywa nyumbani mwake, hata yawe yamechemka, lazima yatiwe kidonge cha kuulia vijidudu. Watu walimcheka weee, lakini ilipokuja kazi ya kuchanja kuku wa mtaa, bwana mifugo hakuhangaika kutafuta mwingine.

Na mwaka ule kazi ilikuwa ya haraka. Mdondo, ule ugonjwa wa virusi unaomaliza kuku banda zima ndani ya siku chache, ulikuwa umeshaonekana ng'ambo ya barabara kuu. Njiwa pori walikuwa wakiokotwa wamekufa kwenye mashine ya kusaga, shingo zimepinda. "Njiwa hajui geti," bwana mifugo alimwambia. "Anakula pumba kule, anakuja kunywa maji na kuku wako huku. Tuna wiki tatu, tukijaliwa."

Basi Mama Sabuni akapita nyumba kumi na tisa na ndoo ya maji yenye chanjo, kuku wakanywa. Nyumba iliyomfurahisha kuliko zote ilikuwa ya mzee mmoja mshona viatu. Macho yalikuwa yameanza kumkatalia sindano, na mayai ndiyo yaliyokuwa yakimlisha. Chanjo hakutaka hata kuisikia. Zamani walimchanjia kuku ambao tayari walikuwa na ugonjwa mwilini, wakafa wote, na waliochanja hawakurudi kumweleza lolote. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Miaka mitatu Mama Sabuni alimbembeleza, hadi mzee akachoka: "Haya mwanangu, wape. Dawa siiamini, nakuamini wewe."

Jioni ile akaja wifi yake, dada wa mumewe, mtu asiyejua kumeza neno. Akachota maji kwenye pipa la jikoni, akanywa, akakunja uso.

"Wifi, maji yako yananuka hospitali. Unatunywesha au unatutibu?"

"Ni kidonge tu. Hata kuku wa mtaa leo nimewachanganyia hayo hayo."

Kusema vile, mdomo ukabaki wazi. Kwenye mafunzo bwana mifugo alisema, tena akarudia: chanjo hii ni kirusi hai kisichodhuru, na dawa ya maji haichagui, inakiua nacho. Tumieni maji yasiyotiwa kitu. Lakini mkono ulikuwa umeenda kwenye pipa kwa mazoea, na kuku wa nyumba kumi na tisa walikuwa wamekunywa maji matupu.

Akaketi sakafuni, na sakafu yenyewe haijapigwa deki, ndipo wifi akajua mambo yameharibika kweli.

"Sasa unalia nini? Chukua chanjo nyingine, waambie ni dozi ya pili. Nani atajua?"

Ushauri ulikuwa mtamu, tusidanganyane. Kesho yake asubuhi alikwenda kwa bwana mifugo, akakiri, akasemwa, akapewa chupa mpya. Safari hii hapakuwa na ndoo: tone moja jichoni, kuku mmoja mmoja. Lakini njiani kuelekea kwa mzee alikuwa akijifundisha yale maneno ya wifi, dozi ya pili, dozi ya pili.

Mzee alikuwa kibarazani na kiatu mapajani. Akamsogezea kigoda. "Karibu, mwanangu. Jirani kaniuliza jana kama siogopi. Nimemwambia kwa huyu siogopi."

Yale maneno yakagoma kutoka. "Baba," Mama Sabuni akasema, "jana nimekosea. Maji niliyowapa kuku yalikuwa na dawa, ikaiua chanjo. Kuku wako hawana kinga yoyote. Kosa ni langu."

Mzee akaweka kiatu chini. Akamtazama hadi Mama Sabuni akatamani ardhi ipasuke.

"Nani mwingine anajua hapa mtaani?"

"Wifi yangu tu. Ningeweza kukwambia ni dozi ya pili."

"Na ningekubali. Mimi kufiwa na kuku nilisamehe zamani. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyekuja kukaa hapo ulipokaa wewe."

Akainuka, akaingia bandani, akatoka na tetea wa kwanza kwapani, akamgeuza jicho juu. Mama Sabuni akadondosha tone huku machozi yanamtoka, asijue lipi limeanguka kwanza. Walipomaliza kuku wote, mzee akavaa kofia.

"Twende. Ukienda peke yako watakula nyama yako mbichi."

Akatangulia yeye, mlango hadi mlango, na kila mlango akasema kabla hajajibiwa hodi: "Chanjo ya jana imeharibika. Kaiharibu mwenyewe, kaja kusema mwenyewe. Leteni kuku." Wapo waliosonya, wapo waliotukana, lakini kuku waliletwa.

Mdondo ulikuja kweli, wiki ya nne. Asubuhi moja mzee alimwita Mama Sabuni uani kwake. Njiwa wawili walikuwa wameanguka usiku kando ya banda, na yeye alikuwa akichimba shimo refu la kuwafukia. Kuku wake walikuwa wamemzunguka wakichakura ule udongo mbichi, na ilibidi awafukuze kwa mguu ndipo aweze kuendelea kuchimba.