Fundi Aliyetua Nchi ya Jirani

Asubuhi ya Jumapili, kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Gisenyi, Juvénal Rutagengwa anafuta umande kwenye bawa la ndege yake ya viti viwili. Haruhusiwi kuruka mpaka mwangalizi wake, Mukandutiye, afike, na hilo linamuudhi.

"Leseni yangu niliipata Arusha zamani," anasema. "Leo naangaliwa kama mwanafunzi."

Rutagengwa, mwenye miaka arobaini na sita, ni fundi wa magari karibu na Petite Barrière, kivuko cha mpakani cha kwenda Goma, Kongo. Alijifunza urubani ukimbizini Tanzania, alikokuwa akitengeneza injini za ndege ndogo. Aliporudi Rwanda alinunua ndege hii kuukuu kwa ubia na shemeji yake. Anaruka kwa kujifurahisha tu. Gereji ndiyo inayomlisha.

Chama cha marubani wa kujifurahisha kama yeye kilimwalika zaidi ya mara moja. Alikataa. "Niliwaona watu wa chai na mikutano."

Wanachama wana desturi moja: hakuna anayekuja Gisenyi mara ya kwanza bila mwenzake anayeijua njia. Uwanja wa Goma, mrefu kuliko wa Gisenyi, uko hapo tu ng'ambo ya mpaka. Ukichomoka mawinguni na kuliona ziwa, jicho hukimbilia uwanja ulio mrefu.

Mapema mwaka huu wa 1999, akitoka Kigali peke yake kwa mara ya kwanza, Rutagengwa alitua kwenye ule mrefu. Alitua vizuri kabisa. Askari waliomzunguka walimuuliza amefuata nini Kongo wakati wa vita.

Alishikiliwa siku mbili. Mkewe Kankindi, mzaliwa wa Goma, alivuka mpaka na chakula.

"Bon, mi niliwaza amekufa," anasema. "Kumbe iko amekaa kwa kiti, anatengenezea basoda, wale askari, jenereta yao."

Hakuna aliyeweza kuwathibitishia askari hao kwamba mtu waliyemshika ni rubani wa Jumapili, si mpelelezi. Mukandutiye, muuguzi wa Kigali anayeongoza chama, alikwenda na wenzake wawili kumdhamini, ingawa Rutagengwa hakuwa mwanachama. Aliachiwa, na ndege ikarudi. Lakini wakubwa wa usafiri wa anga walimkataza kuruka peke yake hadi chama kiridhike naye. Alijiunga wiki hiyohiyo.

"Ningekuwa nao, nisingetua kule," anasema. "Na hata ningetua, nisingelala kule."

Mukandutiye anafika, anaizunguka ndege, anagusa propela.

"Mzee Juvénal, tukirudi tunatua wapi?"

"Kwenye ule mfupi, mama."

"Haya, panda."

Hii ndiyo safari yake ya mwisho ya kuangaliwa. Akifaulu, anataka kumpandisha mkewe, ambaye hajawahi kuruka, akaone ziwa lote.

Kankindi amesimama kando, kanga imefungwa kiunoni.

"Mama huyu akishuka anacheka, donc mi napanda," anamwambia mumewe. "Akishuka amenuna, narudi nyumbani na miguu."

Rutagengwa anafunga mlango na kuwasha injini.