Hodi Kwenye Lango la Mngereza

La, ufunguo sinao mie. Chumba cha juu kina kitanda, kabati na madirisha mawili yanayotazama mitende, na zaidi ya hapo sijui. Namuona mwana wa marehemu jirani yangu anapanda ngazi, anafika nusu, anashuka, anakaa uwani na simu yake, haniulizi kitu. Basi namjibu hapa kabla hajauliza. Mie nasema, mjukuu wangu anaandika, na nyinyi munaosoma ndio mashahidi. Mama yake kafariki wiki iliyopita hapa Ibra, Omani, juu ya msala wake, baada ya sala ya alfajiri. Tulimzika siku ile ile, maana maiti hangojei ndege, na mwanawe kafika maji ya kaburini yameshakauka. Mungu amrehemu mama wa watu. Alikuwa jirani yangu ukuta kwa ukuta tangu tuliporudi kutoka Afrika, yeye Tabora, mie Unguja, na miaka yote hiyo hatukupata kukubaliana hata juu ya pilau. Akiniamkia "Shikamoo dada," namjibu "Marahaba, mwanamke wa bara, leo umeunguza nini?" Ndiyo salamu yetu hiyo.

Kwenye matanga nimesikia mengi. Walikuja wasichana wanaofanya kazi Maskati, Kiswahili chao cha kuokoteza, wananishika mkono: "Bibi, pole, mama ile alikuwa mtu mzuri, wallahi, nyumba yake kubwa lakini yeye peke yake, miskina." Wakubwa nao wakaja, wale wanaosema taratibu kama wanatafuna ubani: "Kazaa, kalea, kasomesha, kafa na kiyoyozi." Hilo la kiyoyozi nililicheka mbele za watu, nikakatwa jicho. Lakini angelicheka na yeye, kwani ndiyo sauti iliyokuwemo ndani ya nyumba ile, usiku na mchana, ikinguruma kama mtu mwenye kifua.

Chumba chenyewe alimjengea mwanawe. Mtoto alikwenda Uingereza kusoma, mwanzo wa miaka ya tisini. Masomo yakaisha, kazi ikaanza, akaoa huko huko. Mama akasubiri. Alipochoka kusubiri akajenga. Akaleta fundi Mbengali, akawa anamsimamia juani na mwavuli, dirisha hapa, swichi pale, mpaka fundi wa watu akamuuliza kwa kile Kiarabu chao cha kukatakata, "Mama, huyu bwana mkubwa anakuja lini?" Akamwambia, "Anakuja." Mie nilikuwa nimesimama pale chini na sahani yangu ya sambusa. Anakuja, hivyo tu, kama anayeoga ndani anatoka sasa hivi.

Mwaka ule simu za mkononi zilipofika mpaka kwa wachunga ngamia, mtoto akamwita mamake akamtembelee. Kupanda ndege peke yake hataki, basi kanichukua mie. Ufunguo wa chumba kaufunga kwenye pindo la kanga, ndani ya abaya. Kuanzia Ibra mpaka uwanja wa ndege Maskati ananiambia jambo moja tu: "Dada, nikimpa mkononi, atarudi. Kwenye simu mtu hawezi kuona ufunguo." Nikamwambia, sawa, lakini usimpe wakati anaendesha gari.

Jumapili moja mwanawe akatutia garini akatupeleka mashamba. Wangereza wana desturi hiyo: watu wazima, akili zao timamu, wanaegesha gari, wanavaa mabuti, wanatembea kwenye matope asubuhi nzima, halafu wanarudi pale pale kwenye gari. Nikamuuliza, "Mwanangu, tunakwenda kwa nani?" "Hatuendi kwa mtu, mama mkubwa. Tunatazama tu." Nikatazama. Kijani, kondoo, kijani. Kule kwetu mtu akionekana anapita kwenye shamba la watu hana jembe, hana mzigo, hana mgonjwa wa kumuona, ataulizwa kapotelewa na nini. Huko kuna kibao kabisa kimechomekwa, pita hapa, na njia inakata katikati ya shamba la mtu, inapita nyuma ya jiko lake.

Tulipofika kwenye lango la kwanza mwenzangu akasimama. Mwanawe kalifungua, anamngoja. Hapiti. "Hodi," anasema. "Hodi wenyewe." Mtoto anacheka: "Mama, hapa hakuna hodi, hii ni njia ya watu wote, sheria inaruhusu." "Sheria imelisha kondoo hawa? Mwenyewe yuko wapi? Hodi jamani." Watu wanapita na ramani zao shingoni, wanatusalimia, wanatuzunguka kama mawe. Mie nilikuwa upande wake, nasema kweli. Miaka yote nikichuma ndimu pembezoni mwa falaji, mfereji wetu wa maji ya mashamba, sijapita bustani ya mtu kimya kimya, nitaanza kwa Mngereza?

Mara katoka mzee na mbwa wake, kavaa koti limechanika kwapani, anasema kwa pua kama anayezuia chafya, "Naam? Kuna tatizo?" Mtoto uso umemwiva, anaomba radhi, anaeleza: mama zangu hawa wanaomba ruhusa ya kupita. Yule mzee aliegemea lango lake. Halafu kasema, na mtoto akatufasiria, kwamba kazaliwa kwenye nyumba ile, watu wanapita kila siku ya Mungu, na hapana hata mmoja aliyemuomba. "Piteni," anasema. "Tafadhali."

Sasa mtu kakukaribisha, utapita uende zako? Mwenzangu kakaa juu ya ukuta wa mawe, katoa chupa ya kahawa, katoa vifinjani, katoa tende za shambani kwetu, kamkaribisha Mngereza kwenye ukuta wake mwenyewe. Mzee kala tende, kokwa katia mfukoni. Kahawa kanywa, kifinjani karudisha. Mwenzangu kamjaza. Kanywa, karudisha. Kamjaza. Mzee wa watu hajui kama ukitosheka unakitikisa kifinjani, na yeye ana adabu zake, akipewa anakunywa. Na huyu naye ana adabu zake, asiyetikisa anajazwa. Nikamnong'oneza mtoto, "Mwambie atikise, atakufa huyu." Mtoto hawezi kwa kicheko. Chupa ikaisha. Mzee kasimama, macho yamemtoka, anashukuru, anatushika mikono, mbwa analala, yeye bado anashukuru. Tulipofika mbali kidogo nikageuka, yuko pale pale kwenye lango.

Mwenzangu hakucheka. Tunapanda kile kilima, anahema, ananiambia, "Yule hana mtu." Umejuaje? "Vifinjani vyote vile, dada, na hakuna aliyemwita kutoka ndani." Akakazana kupanda. Nikajua anautafuta ufunguo kwenye pindo, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umeingia ndani ya abaya.

Lakini nitangulie kwanza. Tuliporudi Ibra ile tabia ya Wangereza ilimganda. Kila alasiri anavaa raba alizonunuliwa na mwanawe, ananigongea, tunaandama falaji mpaka mwisho wa mitende, halafu tunarudi. Watu wakatucheka, na Jumatano sokoni wanawake wenzetu wananiuliza, "Leo mumepotelewa na nini?" Magoti yangu yalipokataa akawa anakwenda peke yake. Nilikuwa namsikia kutoka kitandani kwangu, kwenye kila bustani anasema hodi. Na bustani zile nyingi wenyewe wamehamia Maskati, kabaki mfanyakazi mmoja na redio yake. Anasema hodi, anangoja kidogo, anapita. Nyinyi tembeeni jioni hapa, au mpaka Al Qabil, mutazame juu: kila nyumba ina ghorofa, na taa inawaka chini tu. Watoto wanakuja Jumatano jioni, kazi za wiki zikimalizika, Ijumaa washaondoka, wameacha harufu ya manukato na sufuria kubwa ya kuosha. Kina mama tunajenga juu kwa sababu chini tumeshajaza viti, na viti navyo havina watu.

Na kile chumba, toka tuliporudi, hakukifunga tena. Alkhamisi anakifagia, anabadilisha shuka. Ufunguo sikuuona tena, wala mtu hauhitaji, mlango ule unasukumwa kwa kidole. Huyo anayesimama nusu ya ngazi angejua kama angefika juu. Alikuja mwalimu wa Kimisri, mtu mwema, na tumbo lake mbele, "Ya hagga, bibi yangu, nasikia una chumba, mimi na mke wangu tu, watu wa kimya." Akamwambia, "Kina mwenyewe." Msudani naye akaja. "Kina mwenyewe." Nilikuwa namtania: mwenyewe huyo mbona hapigi chafya? Anacheka, anageuka kumimina kahawa.

Nimewaza sana tangu tumzike. Yule mwanamke alipiga hodi kwenye lango la mtu asiyemjua, na shambani kwa watu waliokwishahama. Kwa mwanawe hakupiga. Alijenga kwanza, akauliza baadaye. Nyinyi munaojenga sasa hivi, mumechanganya saruji na fundi kashapanda juu, shukeni mukampigie simu huyo munayemjengea, mumuulize kama anakuja, na akisema la, mujenge banda la mbuzi. Mbuzi anarudi jioni.

Basi turudi kule Uingereza: tulifika juu ya kilima. Upepo unatupiga, chini yetu mashamba yao yote yamepangwa kama vitambaa, na lile lango tunaliona dogo. Kafungua pindo, katoa ufunguo, kamshika mwanawe kiganja, kautia ndani. "Nimekujengea chumba," anamwambia. "Madirisha mawili. Umemuona yule mzee." Mtoto kautazama. Kisha kaurudisha kwenye pindo la mamake, kalifunga fundo kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, kampandishia zipu ya koti mpaka shingoni asipigwe na baridi, na akamwambia:

"Hicho chumba kikodishe, mama."