Akteri Hakufake

Mji wa Baraka niliokulia, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, ulikuwa na sheria moja ambayo hata wenye bunduki hawakuweza kuibadilisha: katika filamu, akteri hafi. Akteri ndiye shujaa, yule anayepigwa mwanzoni na kushinda mwishoni. "Akteri hakufake!" watazamaji walipiga kelele kila alipozidiwa, na kweli akainuka.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyekuwa akitafsiri filamu hizo katika kibanda cha video karibu na soko. Asubuhi alibeba mizigo ufukweni, akipakia mashua za matajiri. Alasiri alishika kipaza sauti na kuwasemea Wazungu kwa Kiswahili chetu. Kiingereza chao hakukijua hata kidogo. Alitazama nyuso zao, akatunga.

Muda mfupi kabla vita havijatufikia, ililetwa filamu ya mtu anayeruka angani, mwenye kinyago na nguo ya kubana ambayo mama angeiita aibu. Mchana mtu huyo alikuwa mbeba mizigo bandarini, akitukanwa na matajiri waliokaa mlimani. Bwawa lililokuwa juu yao lilipopasuka, alilizuia kwa mgongo wake mpaka matajiri wote wakatoka salama. Kisha akafa. Akafa kabisa! Watu walirusha kandambili kwenye televisheni na kudai warudishiwe kiingilio. Kaka yangu alirudi nyumbani macho mekundu, akasema hajawahi kuona kitu kizuri namna ile.

Baba alifurahi sana. Alikuwa mwalimu, na alikuwa na riwaya moja ya zamani ya Kifaransa, iliyochakaa jalada, aliyotusomea Jumapili baada ya misa huku akiifasiri. Ndani yake mtumishi wa jikoni anamuuguza mtoto wa bwana wake. Mtoto anapona, mtumishi anaambukizwa na kufa, na familia nzima ya tajiri inalia ndani ya gari la farasi. Baba alisema ni hadithi ileile, ya upendo mkubwa. Alipofika kwenye gari la farasi alivua miwani na kuifuta.

Mama alikuwa akichagua ndagala, dagaa wa ziwa letu, akitupa mawe pembeni.

"Na ule mutajiri alipoteza nini?" aliuliza.

"Alilia, mama batoto," baba akajibu.

"Alilia, kisha akatafuta mupishi mwingine. Siku mutajiri atakufa juu ya kuokoa mupishi, uniite nikuje nisikilize."

Baba alifunga kitabu. Mama hakuwa mtu wa kubishana naye ukiwa na njaa.

Kisha habari za mauaji ya upande wa Makobola zikatufikia, na mji mzima ukashuka ufukweni asubuhi moja kutafuta mashua za kwenda Kigoma, magodoro kichwani. Mwenye mashua ambaye kaka alikuwa akimbebea mizigo alitupokea kwa huruma, kama alivyosema mwenyewe, tukae mwishoni kabisa karibu na mashine. Katikati alikuwa amepakia viti vyake vya sebuleni, vile vinene vya kitambaa chekundu, pamoja na meza yake ya kioo. Maji yalikuwa karibu kabisa na ukingo. Mwendesha mashua akakataa kuwasha mashine.

"Patroni, hatuendi hivi. Tutazama. Kitu kipunguzwe."

Tajiri hakutazama viti. Alitutazama sisi.

Hapo nikamwona kaka yangu anasimama. Nilikijua kile kidevu kilichoinuliwa; nilikiona kwenye televisheni, chini ya kinyago. Nyuma yake, huko juu barabarani, milio ya risasi ilikuwa ikikaribia. Nilishikwa na hofu ambayo sijaisikia tena maishani.

"Mi ntashuka," alisema. "Bengine baende."

Mama alimkamata shati kwa nyuma, vifungo viwili vikaruka.

"Ikala chini! We unataka patroni akulilie? Atakulilia mupaka Kigoma, akikalia kiti yake." Kisha akawageukia watu wote, akavinyooshea viti kidole, sauti ya sokoni. "Mutoto yangu hashuke. Biti bishuke!"

Halafu mtu akacheka, kicheko cha woga, na mwingine akarudia: "Biti bishuke!" Mashua yote ikaitikia. Wabebaji waliovipakia ndio walioviteremsha, kwa haraka ambayo hawakuwahi kuionyesha kazini, na kaka yangu akapokezana nao. Mke wa tajiri mwenyewe akawapa meza. Tulipoondoka, viti vilibaki mchangani vimepangwa vizuri kutazama ziwa, kana kwamba vinangoja wageni. Tajiri alikaa chini kwenye mbao, goti lake likigusana na la baba. Ziwa lilitulia njia nzima. Nililia kwa furaha mpaka kwikwi ikanishika, na mama akanipa ndagala nitafune.

Tuliporudi Baraka baada ya vita, kaka alirudia kipaza sauti chake, na filamu ile ikaletwa tena. Safari hii mama alikuja, akakaa benchi la mbele, mikono kifuani. Bwawa likapasuka, akteri akalizuia, akaanguka, akafumba macho. Watu wakaanza kuvua kandambili. Kaka yangu alimtazama mama kidogo, kisha akasema kwenye kipaza sauti:

"Mutulie. Hakukufa. Iko anapumuzika. Alitaka kufa, mama yake akamukatalia."

Kibanda kizima kikapiga makofi. Mama aliinuka kabla filamu haijaisha, akasema anakwenda kusonga bugali, na kwamba kaka asichelewe.